Injinia na Shimo la Turkwel

Kila asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, Injinia alishuka shimoni peke yake. Sisi tulibaki juu tukisikiliza viatu vyake vikigonga vyuma vya ngazi, kisha vikizama topeni. Hakuna aliyeruhusiwa kumfuata. Alikaa kule chini muda wa mtu kunywa kikombe cha chai bila haraka, kisha sauti yake ikapanda: "Haya, njooni." Siku nyingine ilichelewa kupanda, nasi tulitazamana. Kila mmoja alikuwa akiwaza jambo lilelile, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitamka.

Nilimjua kwa miaka mingi. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Lodwar, na kazi zake nyingi za upande huu nilizifanya mimi: banio la maji kule Katilu, daraja dogo la laga, mto wa msimu, kwenye njia ya Kakuma, na mwisho lile shimo la pampu kando ya mto Turkwel, nje kidogo ya mji. Hilo shimo ndilo watu hulitaja wakimtaja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa umri wa kuwa na wajukuu, na helmeti yake ilikuwa imepauka kwa jua hadi hukujua zamani ilikuwa rangi gani. Aliniita Fundi, nami nilimwita Injinia. Kina mama waliotuuzia githeri saiti walimwita Toto, ambalo kwa Kiturkana ni mama, ingawa baadhi yao walimzidi umri. Kwao ni wapi, ana watoto au hana, hayo sikuyauliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia asichoulizwa.

Watu wa mbali hudhani Turkana yote ni mchanga na mawe. Kando ya mto si hivyo. Ukiutoboa mchanga wa juu unakutana na udongo wa mfinyanzi wa kijivu, laini kama ugali uliopunjwa unga, wenye baridi hata jua likiwa utosini. Ndani yake tulikuta miiba ya samaki, na ziwa liko mbali na pale. Udongo wa namna hiyo huwezi kuuchimba ukauacha hivihivi. Kwanza unapigilia mabamba marefu ya chuma kuzunguka pale unapotaka shimo. Kisha, kadiri unavyoshuka, unakingamisha vyuma vinene kutoka ukuta huu hadi ule, ili kuta zisije zikakutana. Vyuma hivyo tuliviita mbavu. Kuzichomelea ndiyo ilikuwa kazi yangu.

"Udongo huu hauanguki, Fundi," aliniambia siku za mwanzo. "Mchanga ndio huanguka. Huu unakuja."

Nilidhani ni maneno tu ya kunitisha ili nichomelee vizuri.

Ubavu wa kwanza wa lile shimo nilipoumaliza, ilikuwa saa ile ya adhuhuri ambapo hata mbuzi hujibana kwenye kivuli cha mti wa mathenge. Injinia akaniambia nizime mashine, nikae juu ya boriti, ninyamaze. Tukakaa. Baada ya muda nikasikia chuma kikilia. Ti. Ti-ti. Kisha mlio mrefu mwembamba, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno.

"Hilo ni jua," akasema. "Chuma kinarefuka kwa joto, kinausukuma ukuta, ukuta nao unakisukuma. Huko kulia ndiko kufanya kazi kwake. Ukikisikia, kula chakula chako kwa amani. Kikinyamaza wakati hakipaswi kunyamaza, usitafute hata koti lako."

Tangu siku hiyo sikuweza tena kukaa mahali penye vyuma bila kusikiliza. Mke wangu alinilalamikia. Nikiwa nyumbani, bati la paa likilia kwa joto, nilitulia. Likinyamaza jioni, moyo ulinienda mbio.

Alikuwa na misemo mingine iliyonikosesha raha. Aliwahi kufunga uzi wa kuvulia samaki kutoka pembe hadi pembe, juu ya ukuta, akatuonyesha jinsi ukuta ulivyokuwa bado umenyooka pale juu. Sote tukafurahi. Yeye hakufurahi. "Hapa juu ni adabu tu," akasema. "Ukuta huu huumia mahali ambapo bado hamjafika." Akaeleza kwamba tumbo la ukuta huvimba chini zaidi, ndani ya udongo ambao bado umejaa, ambapo hakuna jicho la kuona. Nilitazama tope chini ya miguu yetu. Nilijihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba chini ya kitanda chake kuna kitu, ila asihangaike kuinama, hatakiona.

Kwa upande wa dini, sikuwahi kumwelewa. Jumapili aliimba kwaya, sauti ya tatu, na mikono yake mikubwa ilipiga makofi kuliko ya mtu yeyote pale kanisani. Lakini mchungaji alipokuja saiti akitaka kushuka aliombee shimo, Injinia alimzuia kwenye ngazi. "Mchungaji, omba hapahapa juu," alisema kwa heshima. "Kule chini usiseme kitu ukiwa umefumba macho." Mchungaji alicheka. Injinia hakucheka, na mchungaji akaombea juu.

Tena alikuwa mwoga wa vyumba. Mtu ambaye riziki yake ilikuwa mashimoni hakuweza kulala chini ya paa. Kitanda chake cha kamba kilikaa nje, mwaka mzima, na mvua zile chache zilipokuja alijifunika turubai. Nilimtania siku moja: "Injinia, unaogopa nyumba na huogopi shimo?" Akanijibu, "Shimo naliangalia kila siku. Nyumba nani anaiangalia?" Nilidhani ni mzaha mpaka nilipoona kwamba hata ofisini, kwenye lile kontena la kampuni, alisimama mlangoni akizungumza na waliokaa ndani.

Wakubwa wake aliwadanganya bila kupepesa. Wakimpigia simu kuuliza kama tumefika kina fulani, alisema ndiyo, karibu, kesho. Mimi nilikuwa nimesimama naye na nilijua hatujafika nusu yake. "Wao wako Nairobi," alisema akirudisha simu mfukoni. "Udongo hauko Nairobi." Lakini sisi hakutudanganya hata mara moja, na kuna siku tulitamani atudanganye.

Siku mojawapo ni ile sakafu ilipopanda. Jioni tuliacha sepetu zetu zimechomekwa topeni kwenye mstari, kama kawaida ya wachimbaji. Asubuhi Injinia alishuka, akakaa, akakaa zaidi, kisha akatuita. Tulipofika chini tukaona sepetu zimelala ovyo, na zile za katikati zimeinuliwa, mipini ikielekea juu kidogo, kana kwamba kitu kimejaribu kuzirudisha kwa wenyewe. Nyayo zetu za jana hazikuwepo. Tope lilikuwa limevimba katikati, laini, linang'aa, halina alama. Ngazi ambayo jana ilikuwa imebakiza vipago vitatu hewani, sasa mguu wake ulikuwa umezama.

Mchimbaji mmoja aliyeitwa Ekeno, mtu mkubwa wa mwili, mpenda vichekesho, ndiye peke yake aliyeweza kusema. "Injinia, hii kitu inatuzaa ama inatumeza?"

"Inajaza," akasema Injinia. "Tumeondoa uzito juu yake, sasa udongo wa nje unazunguka kwa chini ya bamba kuja kujaza. Si shetani, Ekeno. Ni uzito tu."

"Shetani angekuwa afadhali," Ekeno akasema, na watu wakacheka. "Yeye tunaweza kumfukuza na kanisa."

Tulichimba siku nzima tukafika pale tulipokuwa jana. Wengine wawili hawakurudi kazini kesho yake, na Injinia hakuwalaumu.

Nyuma ya shimo, ng'ambo ya uwazi ambapo kina mama walianika samaki, kulikuwa na nasari, shule ya watoto wadogo. Jengo la chumba kimoja, kuta za matofali, dirisha lenye vyuma, mlango wa bati. Mwalimu wa nasari alikuwa mwanamke kijana mpole, na ndiye aliyekuja kulalamika kwamba mlango wake hautaki kufunga vizuri tangu tuanze. Alikuja akicheka, kwa aibu ya kusumbua wakubwa. Injinia aliposikia neno mlango aliweka kikombe chake chini na kuondoka naye papo hapo. Mimi nikafuata.

Ndani ya chumba, watoto walikuwa na mchezo wao mpya. Waliweka mpira wa makaratasi katikati ya sakafu, wakakaa pembeni kwa utulivu ambao watoto hawana kwa kawaida. Mpira ukatulia kidogo. Halafu ukaanza kwenda wenyewe, polepole, ukielekea ukuta wa upande wetu, upande wa shimo. Ulipogusa ukuta watoto wakapiga makofi.

"Nani anauvuta?" Injinia akauliza, akiwa amesimama kwenye kizingiti.

"Mgeni," mtoto mmoja akajibu.

"Mgeni gani?"

"Yule wa huko chini."

Mwalimu akawa anacheka bado, lakini alimtazama Injinia usoni, akaacha. Injinia akamwambia awahamishe watoto kutoka chumba hicho. Mwalimu akasema kamati inatafuta mahali, labda wiki ijayo, labda ile nyingine. Kuanzia siku hiyo Injinia alikwenda nasari asubuhi na mchana kuangalia mlango na ufa mdogo uliokuwa chini ya dirisha. Aliwapigia wakubwa simu pia, na mara hii hakuwadanganya. Alitaka kazi isimame, mbavu za chini ziongezwe kabla ya kuchimba zaidi. Nilimsikia akipaza sauti, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Jibu alilopewa sikulisikia. Niliona tu akiitazama simu muda mrefu baada ya kukatwa.

Kabla ya kusimulia siku yenyewe, lazima niseme habari ya majina. Kila tulipotoka shimoni, Injinia alisimama kichwani mwa ngazi yetu kubwa, maana ile ya pili ya upande wa mto haikutumiwa sana, akataja jina la kila mtu, lake, la baba yake na la babu yake, yote kwa kichwa. Na ilibidi kila mtu aitike kwa kinywa chake. Ukimwitikia mwenzio kwamba "yuko hapa nyuma", alisimama hapohapo mpaka huyo mwenyewe aitike. Sisi tuliona ni usumbufu. Nilipomuuliza sababu, alisema maneno machache sana: "Mahali pengine, zamani, nilihesabu kwa macho." Nikaona uso wake, sikuendelea.

Siku ile ilikuwa mchana mweupe, hakuna upepo. Watoto wa nasari walikuwa wamelazwa usingizi wao wa baada ya uji. Mwalimu alikuwa ametoka nje kuteka maji, na aliporudi mlango wa bati, uliokuwa haufungi, ulikuwa umefunga. Haukufunguka. Akaja mbio kumwita Injinia, na Injinia akaenda naye. Alipokuwa huko, msimamizi wa wachimbaji, aliyekuwa amepigiwa simu yake mwenyewe na wakubwa wa Nairobi, akawaambia wachimbaji wateremke kina cha mwisho sasa hivi, mbavu zitawekwa baadaye.

Mimi nilikuwa juu, nikichomelea kipande. Nilizima mashine ili nibadilishe fimbo ya kuchomea. Hapo nikagundua kwamba hakuna kinacholia. Jua lilikuwa linachoma, na vyuma vimenyamaza, vyote.

Niliitupa fimbo nikageukia shimo. Lakini Injinia alikuwa tayari anakuja, anakimbia kwenye ule uwazi wa samaki, helmeti imemdondoka, anapiga kelele mwenyewe: "Tokeni! Tokeni! Acheni kila kitu!"

Watu wakapanda kama nyani. Wa mwisho alipofika juu, chini kule tope lilikuwa limeanza kupanda machoni petu, bila sauti, kama maziwa yanayotaka kufurika sufuriani. Ardhi nyuma ya mabamba ikapasuka mstari, na mstari ukakimbia kuelekea nasari. Injinia alisimama kichwani mwa ngazi na kuanza kutaja majina. Hakuruka hata moja. Waliitika mmoja mmoja. Akafika kwa Ekeno.

Kimya.

Akamwita tena, jina lake, la baba yake, la babu yake. Pembeni ya ngazi zilikuwepo akala zake, zile ndala kubwa za mpira wa gari, pale alipozoea kuziacha akishuka. Hakuna aliyekuwa amemwona akitoka.

Ndipo tukasikia. Kutoka kona ya mbali, chini, pale tope lilipokuwa limepanda kuliko kwingine: ko. Halafu kimya. Ko. Halafu tena, ko. Kama ngumi juu ya bamba, upande wa nyuma.

"Ni yeye," mtu akasema. "Yuko hai. Injinia, anagonga!"

Wawili wakataka kushuka. Injinia akawashika kwa nguo. Kutoka nasari tulisikia mwalimu akipiga bati kwa jiwe na watoto wakianza kulia. Ukuta wa nasari ulikuwa umeinama. Kulikuwa na njia moja tu ya kuusimamisha udongo ule, na sote tuliijua, kwa sababu yeye mwenyewe alitueleza zamani: shimo lijazwe. Maji yana uzito, na uzito ule ungeusukuma ukuta urudi. Mfereji wa kuingizia maji ya mto ulikuwa umeshachimbwa, umezibwa kwa tuta la udongo tu, na tingatinga lilikuwa limesimama juu ya tuta.

"Fungua," akamwambia dereva.

"Injinia, na Ekeno?"

Ko.

Alimwita mara ya tatu. Nilikuwa karibu naye, nilimwona akifumba mdomo akisubiri, mishipa ya shingo imesimama. Hakuna sauti ya mtu iliyojibu. Kilichojibu ni kule kugonga tu.

"Fungua tuta," akasema. Kisha akanigeukia. "Fundi, chukua mashine yako, kakate vyuma vya lile dirisha."

Nilikwenda. Nilikata vyuma huku ukuta ukitoa vumbi usoni mwangu, na kina mama wa samaki walipokea watoto mmoja mmoja kupitia dirishani. Nyuma yangu nilisikia mto ukiingia shimoni kwa mngurumo, na juu ya mngurumo huo sauti ya Injinia ikimwita Ekeno, bila kupumzika, mpaka maji yalipojaa na kutulia. Ukuta ukasimama. Nasari ikabaki imeinama, haijaanguka. Watoto wote walitoka, mmoja na mkwaruzo kwenye goti.

Shimo lilibaki limejaa maji ya kahawia, bapa, hata ndege hawakuyanywa. Mama yake Ekeno alikuja akaketi ukingoni na makuti yake ya mkoma, anasuka mkeka. Injinia alikaa naye kila siku. Sikuwasikia wakizungumza. Watu wa serikali walikuja, wakauliza, wakaenda. Mjini maneno yaligawanyika: wengine walisema Injinia ameokoa watoto, wengine walisema amemzamisha mtu hai ambaye alikuwa anabisha hodi. Yeye aliyasikia yote mawili, na sijui lipi lilimuumiza zaidi.

Halafu siku moja mama yake Ekeno hakuja. Wala kesho yake. Injinia alisema, "Amechoka kulia," na akaendelea kuketi pale peke yake.

Tulipoongeza mbavu na kutoa maji polepole, yeye alishuka wa kwanza. Tulilitoa tope lile kwa mikono, ili sepetu isiuguse mwili wa Ekeno. Tulifika chini kabisa. Tulikuta sepetu, ndoo, helmeti ya mtu mwingine. Ekeno hakuwepo. Tulifungua hata nyuma ya bamba kwenye ile kona. Kulikuwa na udongo mtupu, baridi, na mwiba mkubwa wa samaki. Injinia aliutazama ule udongo muda mrefu. Baada ya wiki chache kampuni ikamwondoa. Akaelekea Kakuma, nikasikia anachimbisha vyoo na matangi ya maji huko Kalobeyei, kazi ndogondogo, na kwamba halali kabisa, si ndani wala nje.

Miaka ikapita. Msimu mmoja niliitwa Lopur, karibu na Kakuma, kutengeneza uzio wa birika la kunyweshea mifugo. Mchana mmoja akaja mtu na mbuzi wake, amejifunga shuka, kigoda chake cha ekicholong kimening'inia kidoleni. Mbuzi mmoja akaingiza kichwa kwenye ndoo yangu akakwama, na yule mtu akacheka. Nikakijua kile kicheko kabla sijaujua uso.

"Eke—"

Alinifunika mdomo kwa kiganja. "Wacha hiyo jina, Fundi. Hapa mimi naitwa Lokwang."

Nilimshika mkono ili nihakikishe una joto. Tukakaa kwenye kivuli cha birika, akanisimulia kwa sauti ya chini huku akitazama mbuzi.

"Siku ile nilikuwa kwa ile kona ya mbali. Nikasikia naitwa. Jina yangu, ya baba, ya babu, vile Injinia huita. Nikaitika. Halafu nikaona, hiyo sauti haitoki juu. Inatoka nyuma ya chuma. Kwa udongo. Na Injinia nilikuwa nimemwona na macho yangu akienda nasari na mwalimu." Akamrushia mbuzi mmoja kijiwe. "Fundi, nimeitika kitu sijui. Nikapanda ile ngazi ingine, ya kwa mto. Sikurudia hata akala. Nikatembea tu. Sikujua ukuta imekuja. Nilisikia hiyo habari baadaye sana."

"Na mama yako?"

"Nilimtumia neno. Nikamwambia asitaje jina yangu huko Lodwar, hata kwa kulia. Nikiitwa tena huko nitaitika, na sitaki kuitika."

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Kalobeyei. Nilimkuta Injinia kwenye ukingo wa shimo la choo, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Waliomfanyia kazi walikuwa Wakongo na Warundi. Mmoja wao aliniambia nisubiri: "Mama injinia anashukaka wa kwanza kila siku, asiposhuka sisi hatushukake." Aliponiona alifurahi kweli, akanishika mikono yote miwili.

"Ejoka, Fundi?"

"Ejok noi, Injinia. Nimemwona Ekeno. Yuko hai. Anachunga mbuzi Lopur."

Aliketi chini pale pale, kwenye udongo. Nilimweleza kila neno. Alilia bila kujifuta, kisha akacheka kidogo, kisha akauliza, "Mama yake anajua?"

"Anajua. Tangu alipoacha kuja shimoni."

Nilidhani atakasirika. Akatikisa kichwa. "Vizuri. Basi kuna mmoja wetu aliyekuwa analala."

Akaniomba nimwelekeze njia, si kumpeleka. Asubuhi iliyofuata alikwenda Lopur peke yake, nami nikabaki Kalobeyei nikimtengenezea lango la tangi. Alirudi alasiri, vumbi mpaka kwenye kope, na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Amenenepa," akasema.

"Mlizungumza nini?"

Akamwaga maji kwenye beseni, akaanza kunawa. "Nilimwuliza ile sauti ilikuwa ya nani. Akasema yangu. Nikamwambia labda ilikuwa."

Nikamtazama.

"Nilikuwa nimeushika ule mlango wa nasari, Fundi. Nilipoona haufunguki nilijua ukuta umeanza. Kabla sijageuka kukimbia, nilianza kuwataja ninyi moyoni, mmoja mmoja. Mdomo wangu haukufunguka. Nilianza na yeye, kwa sababu kona yake ndiyo ilikuwa mbali kuliko zote na ngazi yetu."

Maji yalidondoka kutoka vidoleni mwake. Nilimsogezea leso. Kuna jambo ambalo mimi pia nilikuwa nimelibeba miaka yote, na sikuona siku nyingine ya kuliuliza.

"Na yule aliyekuwa akigonga?" nikasema. "Injinia, Ekeno alikuwa ameshaondoka. Nani alikuwa anagonga?"

Alijifuta mikono kwenye leso, kidole kimoja kimoja, akilitazama lile shimo la choo ambamo vijana walikuwa wameshaanza kutoka.

"Huyo," akasema, "sikumwita."

Kisha akaniuliza kama nimekula.